Siku Kumi Bila Maji

Kabla mambo hayajaharibika, watu wa Ti Lagon walimwita Sentano "Mkausha Mpunga", na walimwita hivyo kwa kumcheka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mrefu, mkavu, miguu imepinda kidogo kama ya mtu aliyekulia topeni, na kweli alikuwa amekulia humo. Baba yake na babu yake walilima mpunga kwenye mkia wa mfereji uleule, pale maji yanapofika yamekwisha kuchoka, yamebeba takataka za wote walio juu.

Msimu aliorudi kutoka kwenye mafunzo ya chama cha wakulima, Sentano aling'oa kitaluni miche ya siku kumi tu, yenye vijani viwili vitatu, akaipandikiza mmoja mmoja kwa kufuata kamba, kila mche shubiri moja na ushei kutoka kwa mwenzake. Mama mkwe wake alikuja mpaka ukingoni mwa jaruba akaweka mikono kichwani.

"Jamani, mume wa mwanangu kapagawa! Hivi vichanga unavitupa porini peke yao?"

Ajabu kubwa zaidi ilifuata. Sentano alifunga maji. Aliliacha shamba likauke mpaka tope likapasuka nyufa za kuingia kidole, ndipo akafungulia tena, kisha akafunga tena. Katika bonde la Artibonit, ambako shamba zuri hujulikana kwa kung'aa maji kama sahani, jambo hilo lilikuwa sawa na kumwachisha mtoto ziwa hadharani. Watu walipita makusudi kwenda kutazama.

Lakini mpunga ulichipua. Mche mmoja ukazaa mashina thelathini, mwingine arobaini. Mizizi yake, ukiung'oa, ilikuwa minene na myeupe, haikunuka uozo. Alipovuna alipata magunia kumi na manane pale alipozoea kupata kumi na moja. Jina la Mkausha Mpunga halikumtoka, ila kicheko kilipungua.

Mtu ambaye hakucheka wala kusifu alikuwa Ilyamen. Sentano alimwita komè na yeye akamwita konpè, maana Sentano ndiye aliyempakata mtoto wa mwisho wa Ilyamen siku ya ubatizo, na huko kwao ubatizo hufunga watu kuliko damu. Ilyamen alikuwa mlima mpunga na muuza mchele, mwanamke asiyepelekwa na upepo. Mumewe, Dyosel, alikuwa mpole wa kupindukia, aliyeweza kumaliza siku nzima kwa kutikisa kichwa tu. Ti Lagon yote ilingoja kusikia nyumba hiyo itasemaje.

Sentano alimkuta Ilyamen uani akichambua mlenda.

"Komè, nimekuja."

"Nakuona. Keti, Mkausha Mpunga, ila usinikaushie na kiti."

"Maji hayatutoshi, komè. Wa juu wanakunywa, sisi tunalamba. Njia hii inataka nusu tu ya maji tunayotumia."

"Na magugu? Ukitoa maji, magugu yanakuja kama mashemeji kwenye msiba. Nani atayang'oa?"

"Kuna kimashine cha kusukuma kwa mkono. Chama kinaazimisha."

"Mgongo nao wanaazimisha?"

Dyosel, aliyekuwa akinoa panga karibu na mlango, alicheka kimyakimya. Kisha akasema, na kwa kuwa alisema mara chache kila mtu alinyamaza: "Tujaribu kipande. Pale pembeni."

Hivyo ndivyo hata bibi shamba wa chama, Wozlin, alivyokuwa akisisitiza kila mkutano: anza na pembe, uone kwanza. Sentano alilijua hilo. Lakini magunia kumi na manane yalikuwa yamempanda kichwani.

"Konpè," alimwambia Dyosel, "kipande kitakupa kipande cha mavuno. Panda lote. Mimi nitakuja kupalilia nawe, kila wiki."

Ilyamen aliacha mlenda akamtazama. "Unaweka jina lako hapo?"

"Naweka jina langu."

"Haya. Tutapanda lote."

Nyumba kumi na mbili zikafuata.

Wiki ya saba shamba lilikuwa limesimama kijani cha kuumiza macho, na wageni wakaja. Walikuja na gari jeupe na bango lenye picha ya suke, wakatembea kwenye kingo kwa hadhari kama watu wanaovuka kwenye gogo. Sentano alivaa buti mpya alizopewa asubuhi hiyo. Kila aliposema neno watu walipiga picha, na kadiri walivyopiga picha ndivyo naye alivyosema.

"Shamba hili," alisema, akikanyaga tope lililokauka, "lina siku nane halijaonja maji. Tazameni! Mnaona jani limenyauka?"

Wakapiga makofi.

Kati ya wageni alikuwapo Bwana Adrasen, mwenyekiti wa kamati ya maji. Mashamba yake yalikuwa kichwani mwa mfereji, na miaka ya karibuni alikuwa amekodi mengine mengi kandokando yake. Mtu safi, kofia ya ukindu, kijiti cha meno mdomoni. Aliuliza kwa sauti ndogo, ya adabu:

"Nane tu, Sentano? Likizidi hapo litaumia?"

"Wapi, Bwana! Hata kumi. Kwa udongo mzito kama huu hata kumi na mbili."

Wozlin alimgusa kiwiko. "Inategemea umri wa mpunga," alisema, lakini makofi yalikwisha kuanza na neno lake likamezwa.

Jioni wakirudi, Ilyamen alitembea sambamba na Sentano. "Konpè, yule mtu alikuuliza kama mnunuzi anavyouliza umri wa mbuzi."

"Amevutiwa, komè. Nani asiyevutiwa?"

Dyosel alitikisa kichwa, na siku hiyo Sentano hakuangalia kilitikisika upande gani.

Siku kumi na moja baadaye, karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya banio kuu, lango la kugawia maji ya mfereji. Zamu ya maji ya Ti Lagon, iliyokuwa kila siku ya tano, sasa ingekuwa kila siku ya kumi na nne. Sababu iliandikwa chini kwa mwandiko mzuri: wakulima wa mkiani wamepata mbinu mpya na hawahitaji maji mengi.

Sentano alisoma mara mbili. Mpunga wa nyumba kumi na tatu ulikuwa umebeba mimba, masuke yako ndani ya ala yanasukuma kutoka. Ungeweza kuukausha mpunga utotoni na ukakushukuru. Wakati wa kuchanua, wiki tatu hizo, haukauki hata siku moja. Unataka maji yasimame miguuni, la sivyo ua linakufa na punje haiji. Alikuwa amewafundisha hivyo yeye mwenyewe, akiwaonyesha kwa vidole. Kwa wageni hakusema. Hakuna aliyemuuliza, na makofi yalikuwa matamu.

Alimkuta Bwana Adrasen barazani kwake akinywa kahawa. Mbele ya nyumba majaruba yalikuwa yamejaa maji mpaka bata walikuwa wakiogelea.

"Bwana Adrasen, ile zamu. Kuna kosa."

"Kosa gani? Siku kumi na mbili ni maneno yako. Tukaongeza mbili, kwa kuwa wewe ni mwalimu hodari."

"Mpunga unachanua, Bwana. Sasa hivi ndipo unapotaka maji. Baada ya wiki tatu tunyimeni mnavyotaka."

"Sasa ndiyo unasema?" Adrasen alitoa kijiti mdomoni akakitazama. "Mbele ya wageni mpunga wako ulikuwa ngamia. Leo umekuwa samaki. Kamati itaandika nini? Maji yamekwisha kugawiwa, watu wamekwisha kupandikiza huku juu. Niwang'olee?"

"Ni maji tuliyoyaokoa sisi."

"Umeyaokoa, ukayaacha mferejini. Maji yaliyoachwa mferejini si ya mtu, Sentano. Nenda nyumbani. Mvua itakuja."

Mvua haikuja. Siku ya nne baada ya mazungumzo hayo maua ya kwanza yalitoka, meupe madogo kama vumbi la unga, na udongo chini yake ulikuwa umepasuka. Sentano alizunguka nyumba kumi na tatu akaeleza yote, pamoja na aliyoyasema mbele ya wageni. Hakuna aliyemtukana. Angependa wangemtukana. Mzee mmoja alisema, "Mdomo umeponza vichwa vyetu," basi. Ilyamen alifunga kitambaa kichwani, akachukua jembe.

"Maneno tutasema baadaye," alisema. "Twendeni banioni."

Walikwenda asubuhi kweupe, watu ishirini na zaidi, wanawake mbele. Hawakuimba. Banio lilikuwa lango la chuma lenye gurudumu la kuzungusha, limefungwa mnyororo na kufuli. Mlinzi hakuwapo, alikuwa kaenda kunywa chai mahali. Mtu akapiga kufuli kwa jiwe mara nne, likaachia. Wakawa wanatazamana, kila mmoja akingoja mkono wa mwenzake, na aliyepita katikati yao akalishika gurudumu alikuwa Dyosel. Alizungusha kwa uzito wake wote, chuma kikalia, na maji yakapita chini ya lango, ya kahawia, yakiteremka upande wa Ti Lagon.

Sentano alikuwa hatua tatu nyuma yake. Alikuja kuzihesabu hatua hizo baadaye, mara nyingi.

Fevriye, mlinzi wa banio na mpwa wa Adrasen, alitokea mbio na panga mkononi, tonge likiwa bado shavuni. "Toka kwenye gurudumu! Toka, nakwambia!"

Dyosel aliendelea kuzungusha.

"Mwache, Fevriye, ni maji tu!" Ilyamen alipiga kelele. "Mpwa wa watu, ni maji tu!"

Panga lilishuka. Wengine walisema alitaka kupiga chuma amtishe. Fevriye mwenyewe alisema hivyo polisini, na uso wake ulipogeuka kijivu baada ya pigo hilo ulikuwa uso wa mtu aliyeshtuka. Vidole vitatu vya Dyosel vilianguka kwenye ukingo. Dyosel alitazama mkono wake kama anayetazama kitu cha mtu mwingine, akakaa chini taratibu.

Maji yalikwenda Ti Lagon mpaka saa nane mchana, polisi walipofika wakafunga. Yalilowesha mashamba matano ya kwanza. Shamba la Ilyamen lilikuwa la mwisho kabisa. Maji yalikauka mitaro miwili kabla ya kulifikia.

Kwenye kituo cha afya walimsafisha kidonda wakamfunga. Sindano ya pepopunda haikuwapo. Waliambiwa waulize mjini, na mjini waliambiwa wangoje Jumatatu. Jumatatu walimchoma, lakini siku ya tisa Dyosel aliamka akasema taya linamkaza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya kueleweka. Sentano alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kisha kwenye pikipiki wakamweka katikati yake na dereva, amekakamaa kama ubao, na kila pikipiki iliporuka shimo mwili mzima ulijikunja kwa nyuma. Alikufa hospitalini siku ya kumi na moja, dirisha likiwa limezibwa kwa shuka kwa sababu mwanga ulimtesa.

Siku ya mazishi watu walijaa uani mpaka barabarani. Wanaume sita waliinama kulichukua jeneza. Sentano alikuwa mmoja wao, mkono wake umekwisha kushika kishikio, aliposikia sauti ya Ilyamen nyuma yake, si ya juu.

"Si wewe. Mwingine."

Akaachia. Mtu mwingine akaingia mahali pake. Alifuata jeneza kutoka mwisho wa msafara, na mkewe, Lisyana, alitembea karibu naye bila kumshika mkono, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na hakujua kama kumshika kungemsaidia au kumwaibisha zaidi.

Fevriye alikaa ndani siku tatu. Kamati ilisema alikuwa akilinda mali ya umma, akatoka.

Mavuno yalifika kama yanavyofika hata pale yasipotakiwa. Mpunga ulioshiba huinamisha kichwa. Ule wa Ti Lagon ulisimama wima, mwepesi, ukichezacheza kwa kila upepo. Ilyamen aliuvuna wote hivyohivyo. Aliupura, akaupeta mchana kutwa, na mapepe yakapeperuka mpaka yakafunika uzio. Chini ya ungo yalibaki magunia mawili yasiyojaa. Mwanamke aliyekuwa akiuza mchele sokoni kwa miaka ishirini akaanza kununua mchele wa Mayami, ule unaoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, akaubeba chini ya kanga ya bega ili wenzake wasiuone. Nyumba tatu zilifunga milango. Watu wa nyumba hizo wakavuka mpaka kwenda nchi jirani, kwa Wadominika, kutafuta vibarua.

Msimu uliofuata Wozlin alikuja kwa Sentano. Ripoti ya chama ilikuwa imeandika kwamba mavuno ya Ti Lagon yaliathiriwa na ukame. Sasa chama kilitaka mbinu ipelekwe kwenye mfereji mwingine, Bwapen, na wakulima wa huko walitaka kumsikia mkulima mwenzao, si mtu wa ofisini.

Alikwenda. Walikuwapo watu arobaini chini ya turubai, na meza yenye miche midogo kwenye trei. Sentano aliitazama miche hiyo muda mrefu.

"Ufunguo wa banio lenu anao nani?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Mmoja akacheka. "Kaka, tumekuja kwa ajili ya mbegu."

"Mkiokoa maji, yatakwenda wapi? Nani kaandika kwamba ni yenu? Mpunga ukichanua, nani ataapa kuwapa?" Kisha akawasimulia habari za Dyosel, kwa jina, tangu siku ya buti mpya mpaka shuka dirishani. Hakuruka yale aliyoyasema yeye. Alipomaliza, wengine walikuwa wamekwisha kuondoka, na trei ya miche haikuguswa.

Wozlin alimvuta kando. Macho yake yalikuwa mekundu. "Uliitwa ufundishe mpunga, Sentano. Sasa hawatajaribu kabisa, na maji ya huku yanakwisha kuliko ya kwenu. Watakula nini?"

"Sijui, bibi shamba."

"Njia ni ya uongo?"

"Njia ni ya kweli. Ingekuwa ya uongo ningelala usingizi."

Chama hakikumwita tena.

Zamu ya Ti Lagon, baada ya malalamiko mengi, ilirudishwa kuwa kila siku ya tisa. Si tano. Kwa maji hayo hakuna aliyeweza kujaza shamba kama zamani, hivyo waliobaki wakapandikiza kwa kamba, mche mmoja mmoja, na kukausha. Si kwa imani tena. Ilyamen naye. Alipoitisha watu wamsaidie kupandikiza, kwa ujima, hakutuma neno kwa Sentano. Alisikia baragumu la kombe la bahari asubuhi, likiita. Alikaa kitandani akalisikiliza. Lisyana alisema, "Usiende, atakufukuza mbele za watu."

"Na anifukuze."

Alikwenda na jembe. Watu walimtazama, kisha wakaendelea. Ilyamen alikuwa katikati ya jaruba, kainama, na hakuinuka. Sentano alichagua upande wa mbali, penye tope gumu ambalo wengine walilikwepa, akalima mpaka jua likawa kichwani. Hakuna aliyemsemesha, ila mwanamke mmoja alimwambia asogee, anamwagia tope.

Mchana wakaitwa kula. Ilyamen alipakua mwenyewe kutoka kwenye sufuria kubwa, mahindi ya kusaga na mlenda, kila mtu akipokea sahani mkononi mwake na neno la shukrani. Sentano alikaa mbali, kwenye ukingo, mgongo amewapa. Alisikia miguu ikija kwenye nyasi, ikasimama. Sahani iliwekwa chini, kando ya paja lake. Miguu ikarudi kwenye sufuria.

Sentano akanawa mikono mtaroni akala.